Miguu ya Bi Zuwena

Walikuja wanawake watatu kumwosha Bi Zuwena, na mkubwa wao alikuwa ameshateleka maji jikoni, maana ndivyo wanavyofanya, wanataka yapate uvuguvugu na majani ya mkunazi ndani yake. Nikawaambia wayamwage. Wakanitazama kama mtu aliyerukwa na akili kwa msiba, na pengine nilikuwa nimerukwa kidogo. Nikachukua ndoo mwenyewe, na magoti yangu haya yanayolia, nikateka kisimani, nikayaleta baridi vile vile yalivyotoka chini. Nikasema huyu hakupata kuoga maji ya moto tangu mimi ni msichana, na hataanza leo. Mkubwa wao akanijibu kwa upole kwamba maiti hajui. Nikamwambia mimi najua, inatosha. Miguu yake niliiosha mimi, taratibu, mpaka katikati ya vidole. Kwenye kisigino cha kushoto pana kovu lenye ukubwa wa nusu ya kiganja. Waoshaji waliliona wakanyamaza, kwa adabu ya kazi yao. Waliojua lilikotoka wametangulia wote, nimebaki mimi, ndiyo maana baada ya arobaini nimeomba karatasi na wino.

Ulikuwa mwaka mmoja kabla mizinga ya Wajerumani haijalia pwani yetu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, au kumi na saba, kwetu Kiwangwa hakuna aliyehesabu. Mengine ya kwetu sitayaeleza. Inatosha kwamba tulilima mihogo, na kwamba nilikuwa na meno mazuri. Bi Shemsa, mama wa mjini Bagamoyo, alikuja mpaka shambani, akanitazama meno, akanitembeza kwenda na kurudi na mtungi kichwani, kisha akakaa na wazee wangu. Mwanawe Seif alikuwa mfanyabiashara, amekwenda bara na msafara, na mke wa Seif, Zuwena, alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa miguu. Mpango ulikuwa hivi: mimi nikae Bagamoyo nimuuguze mgonjwa mpaka Seif arudi. Akimkuta mkewe amepona, nitapewa nguo mbili nirudishwe kwetu. Akimkuta hajapona, Zuwena atapewa talaka yake arudi Saadani kwa kaka zake, na mimi nitaolewa. Bi Shemsa alinieleza haya njiani, waziwazi, yeye juu ya punda na mimi kwa miguu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupanga, na mwanamke asiyesimama alikuwa amemharibia mpango.

Nyumba ilikuwa ya mawe, ina ua katikati na kisima kwenye kona ya ua. Chumba cha Zuwena kilikuwa cha ndani kabisa, kuta nene, mashubaka yenye vikombe visivyotumika, na dirisha moja dogo linalotazama kisimani. Nasema kweli tupu: siku za kwanza sikumtazama mgonjwa, nilitazama sahani. Tulikula wali wa nazi siku tatu mfululizo na mimi nilidhani ni sikukuu. Asubuhi palikuwa na mkate wa kumimina, adhuhuri mchuzi wa papa, na alasiri, wanawake wa mtaani wakija kumwamkia Bi Shemsa, kahawa na haluwa kwenye kisahani. Mimi nilikaa mlangoni na buli, nikisikiliza. Walizungumza habari za pembe na nguo na nani kaachwa, kisha sauti zikashuka, na nikajua sasa wamefika kwa Zuwena. Mmoja alisema kijicho. Mwingine alisema yule binti alikuwa anasoma sana, na kusoma sana kunamkausha mwanamke. Bi Shemsa alisikiliza wote, akamimina kahawa, hakusema lake.

Na Zuwena mwenyewe? Alikuwa na miaka ishirini na tano hivi, mwembamba, mwenye ulimi. Nilipoingia mara ya kwanza nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama ni mimi huyo Tatu niliyeletwa kuvaa viatu vyake. Akacheka, akaniambia niketi, viatu vyenyewe vinabana. Baadaye alinisimulia ugonjwa ulivyoanza. Mwaka wa nyuma yake jicho moja lilimuuma likaingia ukungu. Akaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akanywa, na baada ya mwezi na kitu jicho likarudi karibu lote. Mwalimu aliyeandika kombe akasifiwa mji mzima. Kisha mikono ikafa ganzi, akaumikwa pembe mgongoni, ganzi ikaondoka, na muumikaji naye akapata jina. Sasa ilikuwa miguu. Alisema kiunoni anajihisi kama amefungwa leso tatu za kukaza, na akiinamisha kichwa katika sala kitu kinamteremka mgongoni mpaka kwenye vidole, kinapita na kutoweka. Leo hii ninajua kwamba ugonjwa ule ulikuwa na desturi ya kuja na kuondoka kwa wakati wake, na kila aliyekuwepo mlangoni wakati unaondoka alidhani yeye ndiye aliyeutoa. Wakati ule hatukujua. Tulijua tu kwamba dawa mbili zimefaa na ya tatu haijapatikana.

Ya tatu ilikuwa nyungu. Bi Shemsa alimleta mama mmoja kutoka upande wa Kaole, fundi wa pepo, anayeheshimika sana, na yeye akamshika Zuwena miguu, akaikuta baridi, akasema hii ni baridi iliyoletwa na pepo wa majini, na baridi hutolewa kwa moto. Kila siku baada ya adhuhuri nilichemsha chungu kikubwa cha kivumbasi na mchaichai, nikamweka Zuwena juu ya kigoda, nyayo zake kwenye tofali lililotolewa motoni na kuzungushiwa kitambaa, chungu mbele yake, kisha nikamfunika blanketi gubigubi mpaka jasho limtiririke. Akitolewa pale alikuwa kama nguo iliyofuliwa. Hawezi kuinua goti, na macho yake yalikuwa yamepotea. Nilimwonyesha vidole akasema haoni mkono, seuze vidole. Saa moja au mbili baadaye macho yalirudi. Siku ya tatu alimwambia fundi kwamba moto ule unampofusha, na kwamba hautaki tena. Fundi hakukasirika. Alimgeukia Bi Shemsa akasema, "Umesikia? Anayesema si yeye." Pepo ndiye anayeungua, akaeleza, na pepo akiungua huchukia dawa kwa mdomo wa mgonjwa. Kadiri mgonjwa anavyokataa ndivyo dawa inavyofanya kazi. Sikumsikia tena Zuwena akilalamika mbele ya mtu.

Nimekaa na jambo hili miaka yote, na bado linanishangaza kuliko ugonjwa wenyewe. Mwili ulikuwa wake, macho yalikuwa yake, na katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye asiyeweza kusema yanampata nini. Neno lolote alilotamka lilihesabiwa kuwa la mwingine. Watu wazima wenye akili, wanaompenda kwa namna yao, walimketisha kwenye moto kwa sababu alisema moto unamuumiza. Wala sisemi hivi kwa kujitoa. Blanketi nilishika mimi.

Asubuhi alikuwa mtu mwingine. Asubuhi, baada ya kutawadha maji ya kisimani, alikuwa na uwezo wa kushika ukuta akafika mpaka dirishani. Saa hizo ndizo alizoanza kunisomesha. Aliniuliza kama najua herufi, nikasema ninajua kupalilia. Akachukua kipande cha mkaa akaniandikia alifu kwenye sakafu, na tangu siku ile kila asubuhi nilipata herufi moja au mbili kabla ya kwenda kuwasha moto wa nyungu. Fikirini hilo. Mtu anayefundisha asubuhi mkono utakaomfunika blanketi adhuhuri. Alikuwa mkali. Nikikosea alinipiga kofi dogo kwenye kifundo cha mkono, na siku ambayo nilisoma Fatiha yote kwa macho yangu mwenyewe, si kwa kukariri, alinishika kichwa akakibusu, akalia kidogo, mimi nikalia sana. Karatasi hii mnayoisoma ni matunda ya asubuhi zile.

Siku moja wakati wa masika kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza mpaka macho yakaniwasha, chungu hakikuchemka, tofali likabaki na uvuguvugu tu, na kwa kuogopa kugombezwa nikamfunika vivyo hivyo na kuacha pembe moja ya blanketi wazi. Nilipomfunua alinitazama usoni akaniambia nina masizi kwenye pua. Aliyaona. Kisha akasimama, akatembea hatua nne mpaka kitandani, bila ukuta. Fundi alipoambiwa alifurahi, akasema pepo ameanza kulegea, kesho moto uongezwe. Kesho yake kuni zilikuwa kavu, moto ukaongezwa, na Zuwena akapotea macho mpaka magharibi. Mimi sikuwa msomi lakini sikuwa mjinga. Niliona. Siku ya pili yake nikajaribu kwa makusudi, nikapunguza moto, akaona. Siku iliyofuata nikauongeza, hakuona. Nikawa ninajua jambo ambalo, ukimtoa mgonjwa mwenyewe, hakuna mwingine katika nyumba ile aliyelijua.

Nikanyamaza. Hili ndilo nililokuja kuandika, mengine yote ni njia ya kufikia hapa. Jioni ya siku ile ile Bi Shemsa aliniita chumbani kwake akafungua sanduku, akanionyesha kitambaa chekundu cha hariri, akakipima begani kwangu. Akasema habari zimefika kwamba msafara wa Seif umeanza kurudi, miezi miwili au mitatu hivi. Nikala haluwa yake. Nikarudi kwenye mkeka wangu nikawaza jembe la Kiwangwa, nikawaza hariri, na asubuhi nikawasha moto kama kawaida. Siku kumi na moja. Nilizihesabu wakati ule na nimezihesabu kila mwaka tangu hapo. Siku kumi na moja nilimpofusha kwa mikono yangu kila adhuhuri, na asubuhi yake nikapokea herufi kutoka kwake.

Siku ya kumi na moja, akiwa chini ya blanketi, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tatu, mmebandika nyama jikoni?" Nikamwambia hapana, leo ni samaki. Akasema basi jirani anachoma, maana harufu inaingia. Mimi pia niliisikia. Nikainama, nikainua ukingo wa blanketi. Kitambaa cha tofali kilikuwa kimeteleza, na kisigino chake cha kushoto kilikuwa kimekaa juu ya tofali tupu, na yeye hakuwa na habari. Nilimvuta mguu. Ngozi ilibaki kwenye tofali. Alikuwa bado amegeuza uso wake upande wa dirisha, haoni, ananusa, anangoja nimwambie jirani anachoma nini.

Nilikwenda kwa Bi Shemsa na majivu mikononi. Wageni wake walikuwepo, fundi naye alikuwepo, na sikungoja watoke. Nikasema ni moto unaomwangusha, si ugonjwa peke yake. Nikasema ya kuni mbichi, na ya kujaribu, na ya siku kumi na moja, yote, na kisigino. Fundi akaanza kusema kwamba pepo anaweza kuhamia kwa muuguzaji. Bi Shemsa akamwinulia mkono anyamaze. Alinitazama muda mrefu, kama alivyonitazama shambani.

"Unajua maneno haya yanakupeleka wapi?"

"Kiwangwa, mama."

"Na bado unayasema."

Nikasema ndiyo. Akamgeukia fundi akamwambia, kwa heshima zote, kwamba katika maisha yake ameona watu wakisema uongo ili wapate mume, lakini hajapata kumwona anayesema uongo ili amkose. Akaagiza chungu kitolewe chumbani. Fundi alipewa nguo yake na kitoweo akaenda zake bila ugomvi, na siku zote nilimwamkia tulipokutana. Alikuwa amewafaa wengi. Kwa Zuwena alikosea, kama tulivyokosea wote.

Usiku ule sikwenda kwa Zuwena, nilimwogopa. Asubuhi nikaingia na mafuta ya nazi ya kumpaka kisigino, nikamwambia la siku kumi na moja, nikiwa nimeinamia mguu wake nisimwone uso. Akasema anajua. Alijua tangu siku ya kuni mbichi, maana alinisikia nikipuliza, na alijua nimejua, maana siku zilizofuata nilikuwa namwonyesha vidole kila baada ya nyungu kwa bidii isiyo ya kawaida. "Mimi nikisema, anasema pepo," aliniambia. "Ilibidi aseme mtu mwingine. Na mtu mwingine aliyeona ulikuwa wewe tu." Nikamwuliza kwa nini basi hakuniomba. Akasema angeniomba ningekubali kwa kumwonea haya, kisha siku moja ningejuta na kumchukia, na yeye atakuwa Saadani mbali hawezi kunigombeza. Afadhali angoje. Hakunikumbusha tena jambo hili maisha yake yote, hata tulipogombana, na tuligombana sana.

Tukaanza kumtunza kwa kinyume. Maji ya kisima asubuhi na alasiri, kitambaa kibichi shingoni jua likiwa kali, kazi zake zote kabla ya jua kupanda, na adhuhuri alale, hata kama mgeni ni nani. Miguu yake ilikaguliwa kila siku kama mama anavyomkagua mtoto anayetambaa, kwa kuwa haikuweza kujisemea. Ugonjwa nao ulikuwa umefika wakati wake wa kuondoka, sidai zaidi ya hapo. Baada ya wiki sita hivi alitembea uani na fimbo. Mguu wa kushoto aliuburura, na jicho moja halikurudi sawasawa kamwe. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Kizungu, mtu mpole, alimwona, akamgonga magoti, akamkuna nyayo kwa ufunguo, akaniuliza mambo mengi na kuyaandika. Akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwao wanaujua, unakuja kwa vipindi na kila kipindi huacha alama, na dawa ya kuumaliza hawana. Akaniuliza tulimfanyia nini miaka yote. Nikamwambia: maji baridi, usingizi wa mchana, kumgeuza kitandani, kumwamini akisema. Akacheka kidogo akasema hata yeye asingeongeza mengi. Miaka kumi na minane alitembea na fimbo, akasomesha mabinti wa mtaa mzima. Mingine iliyobaki alisomesha akiwa amelala, na mabinti wa wale mabinti. Nilimshukuru Mungu kwa kila mwaka, hata ile mibaya.

Lakini nilikuwa kwenye mwaka ule. Seif alirudi wakati wa kiangazi. Msafara uliingia mjini kwa bunduki za furaha na ngoma za wapagazi, na Zuwena, ambaye nilimwogesha maji ya kisima mara mbili asubuhi ile, alisimama mlangoni na chetezo cha udi mkononi, kama mke anavyompokea mume aliyetoka bara. Alisimama vizuri. Bi Shemsa alikuwa amemwambia asiseme kitu kwa mwezi mzima, amwache mume ale, alale, amzoee. Seif aliingia, akaketi, akaanza kufungua kilemba chake chenye vumbi, na Zuwena akaketi mbele yake akasema kila kitu. Akamwonyesha kisigino. Akasema, "Leo nimesimama. Kesho sijui. Ugonjwa huu utarudi, na siku moja utarudi usiondoke. Kama ni talaka, nipe nikiwa nimesimama." Bi Shemsa alifunika uso. Seif aliendelea kufungua kilemba mpaka kikaisha mkononi. Akasema, "Nimezika watu njiani, Zuwena, waliokuwa na miguu mizima. Sikutembea miezi yote hiyo ili nije kukagua ya kwako." Kisha akaomba maji.

Basi yakawa yamekwisha. Bi Shemsa, ambaye hakupenda mambo yabaki wazi, akasema binti atapelekwa Kiwangwa siku ya Ijumaa, na nguo zake zitakuwa nne si mbili. Nikainuka kwenda kuchukua maji ya Seif. Zuwena akaniambia niketi. Akamwambia mumewe kwamba sheria inamruhusu mke wa pili, na kwamba siku inakuja atakapohitaji mikono ambayo si ya mtumwa wala ya kuajiriwa, na mikono hiyo anaijua. Lakini kuna mtu mmoja katika mpango huu, akasema, ambaye tangu ametolewa shambani hajaulizwa. Akanigeukia.

"Tatu, nikuambie kabla hujajibu. Miguu hii itakufa. Baada yake mikono. Utanilisha, utanisafisha, nitakuwa mkali. Ukikubali, ndicho unachokubali, na ukikataa nitakuaga kwa mapenzi yale yale."

Seif alinitazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyekuta mzigo asioupakia yeye. Bi Shemsa aliniinamia. Msichana akiulizwa habari ya ndoa hunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ndiyo idhini yake. Wote watatu walikuwa wanangoja ninyamaze. Lakini mimi mwaka ule nilikuwa nimeshanyamaza siku kumi na moja, na zilinitosha. Nikasema kwa sauti, wakasikia mpaka uani, kwamba nimekubali, na nilipokuwa nikisema sikumtazama Seif. Nilikuwa namtazama Zuwena.